Ukipiga simu polisi saa tisa usiku, nani anaambiwa nini? Kituo kidogo kinavyoendeshwa

Kuna kitu naona watu wengi wa Moshi na Arusha wanakichanganya na kinawagharimu sana. Jambo linatokea usiku, mwizi kaingia ndani, gari limegonga mtu, ndugu kapigwa huko baa, sasa badala ya kwenda kituoni au kupiga namba ya dharura mtu anafungua simu anatafuta jina la afande anayemfahamu, anampigia, afande anamwambia sawa nimekusikia nitalifuatilia, basi mtu analala akijua polisi wameshapata taarifa. Asubuhi anafika kaunta, hamna anayejua chochote. Na kweli hawajui. Aliyejua ni mtu mmoja, ambaye huenda hata zamu hakuwepo, yuko nyumbani kalala au yuko likizo kwao Singida.

Mimi nafanya usaidizi wa kisheria, kwa hiyo kaunta za vituo vidogo nazipitia mara kwa mara, na kitu ninachowaambia watu kila siku ni kwamba simu kwa afande unayemjua sio taarifa polisi. Taarifa inaanza pale inapoandikwa kwenye kitabu. Ikishaandikwa kuna watu wanalazimika kuijua, mmoja baada ya mwingine, na kuna mkubwa anayelazimika kuuliza imefikia wapi. Isipoandikwa hakuna anayelazimika kitu. Sasa ngoja nieleze huo mlolongo unavyokwenda, maana ukiuelewa unajua kabisa jambo lako limekwama wapi na umuulize nani.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja. Wengi tunaijua polisi kupitia muvi za Marekani, na kule mambo ni tofauti kabisa. Marekani ina vyombo vya usalama vya aina ya polisi karibu 18,000, mji mdogo unakuwa na idara yake ya polisi na mkuu wake, na karibu nusu ya idara za miji huko zina askari wa kudumu chini ya 10. Kwa hiyo usiku likitokea jambo zito, sajenti wa zamu anampigia mkuu wa idara nyumbani, na mara nyingi ngazi za ndani zinaishia hapo, juu yake ni meya au halmashauri ya mji. Kwetu Jeshi la Polisi ni moja nchi nzima. Kituo kidogo chenye askari wachache kule kwenye kona ya Rombo au Monduli sio idara inayojitegemea, ni mkono wa mwisho wa jeshi ambalo kichwa chake ni IGP, yaani Inspekta Jenerali. Ukitoka kituoni unamkuta Mkuu wa Kituo ambaye ndo OCS, juu yake Mkuu wa Polisi wa Wilaya ambaye ni OCD, juu yake Kamanda wa Polisi wa Mkoa, yule RPC tunayemsikia kwenye taarifa ya habari, halafu makao makuu. Pembeni kuna wenye fani zao, upelelezi una mkuu wake wa wilaya na wa mkoa, trafiki hivyo hivyo.

Sasa tuingie ndani ya kituo. Unapofika kaunta yule unayemkuta anaitwa CRO, ndo askari wa chumba cha mashtaka, na kwenye kituo kidogo mara nyingi ni konstebo au koplo. Watu wanamdharau kwa sababu hana nyota begani, lakini kwa saa zile za zamu yeye ndo kituo. Anapokea malalamiko, anaandika, anapokea mahabusu, anatunza funguo, anajibu simu na redio, na yeye ndo anaamua kwa dakika ile kama hili jambo linasubiri asubuhi au bosi aamshwe sasa hivi. Fikiria uzito huo kwa kijana aliyetoka CCP, chuo cha polisi hapa Moshi, mwaka juzi. Ndo maana usimamizi kwenye kituo kidogo ni jambo kubwa kuliko kwenye kituo kikuu cha mkoa, kule kuna maofisa wengi, CRO akiteleza kuna wa kumshtua, ila kituo kidogo usiku yuko peke yake au na mwenzake mmoja, na mwenzake huyo huenda yuko nje na doria.

Kitabu chenyewe kinaitwa OB, kitabu cha matukio. Ni kitabu cha kawaida tu, kimechorwa mistari, na kila kinachotokea kinaingia kwa namba inayofuatana, saa, nani kaja, kasema nini, hatua gani imechukuliwa. Sio malalamiko ya raia peke yake. Askari akitoka doria inaandikwa, akirudi inaandikwa, mahabusu akipewa chakula, mkubwa akija kukagua, zamu ikibadilika. Mlalamikaji anapewa namba ya RB, ambayo ina herufi za kituo, halafu RB, namba na mwaka, na hiyo ndo risiti yako. Jambo likifunguliwa jalada la uchunguzi namba inabadilika unaona IR badala ya RB.

Hapa kuna kitu kidogo kinacholeta shida kubwa, nacho ni saa. Sisi tunasema saa nane usiku, OB inaandika 0200. Nimeshaona maelezo ya mtu ambaye alisema saa nane, askari akaandika 0800, yaani asubuhi, na baadaye mahakamani wakili wa upande wa pili akalishika hilo hilo akauliza mbona shahidi anasema usiku na kitabu kinasema mchana. Ukisomewa maelezo yako angalia saa kabla hujasaini. Usione aibu kumwambia afande nisomee tena hapo kwenye muda.

Turudi kwa mkuu wa kituo. Kazi yake watu wanadhani ni kukaa ofisini na kutoa ruhusa ya dhamana. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ni kukagua wengine walichoandika. Asubuhi anatakiwa apitie OB ya usiku mzima, ahesabu mahabusu waliopo alinganishe na rejista, aangalie kama kuna mgonjwa au mwenye jeraha, kama kuna mtoto kachanganywa na watu wazima, kama wanawake wako pao peke yao, ajue kila mmoja kaingia saa ngapi na kwa kosa gani. Ghala la silaha nalo linahesabiwa, bunduki na risasi, nani katoka nayo na karudisha. Vielelezo vile vile, simu zilizokamatwa, pikipiki, panga, bangi, kila kitu kiwe na lebo na kionekane kwenye rejista yake. Hivi vitu vinaonekana ni makaratasi tu, ila kesi ngapi zimekufa kwa sababu panga lililoletwa mahakamani halieleweki lilitoka mikononi mwa nani likaenda kwa nani.

Na mkuu wa kituo ana saa inayomkimbiza. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa ambalo sio zito, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, anatakiwa aachiwe kwa dhamana. Kuhojiwa nako kuna muda, msingi ni saa nne tangu mtu awe chini ya ulinzi, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Halafu kuna sharti moja ambalo watu wengi hawalijui kabisa, mkuu wa kituo anatakiwa amtaarifu hakimu wa karibu kuhusu watu wote waliokamatwa bila hati kwenye eneo la kituo chake, ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana, haijalishi wamepewa dhamana au bado. Yaani taarifa haipandi kwa wakubwa wa polisi peke yao, inatakiwa itoke pia nje ya polisi kwenda mahakamani. Kwa mtazamo wangu hili ndo sharti lenye nguvu kuliko yote kwenye usimamizi wa kituo kidogo, kwa sababu mtu anayefichwa mahabusu siku nne anaweza kufichwa tu pale ambapo hakimu hajaambiwa. Ndugu wakija kwangu wanalia kijana wao kashikiliwa tangu Ijumaa, swali langu la kwanza huwa ni kaandikwa saa ngapi, la pili hakimu anajua?

Sasa dharura. Sio kila kitu kinaamsha wakubwa usiku. Kuku kaibiwa Pasua, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, simu imepotea kwenye daladala, hivyo vinaandikwa na vinasubiri asubuhi kwenye taarifa ya kawaida ya saa 24 ambayo kila kituo kinapeleka wilayani, wilaya inajumlisha inapeleka mkoani. Lakini kuna mambo ambayo CRO haruhusiwi kukaa nayo hata dakika kumi: mauaji, ujambazi wa silaha, ajali yenye vifo, moto mkubwa, mtu kufia au kutoroka mahabusu, silaha ya kituo kupotea, askari kuumizwa au kuua, vurugu za watu wengi, mtoto kupotea, mgeni wa nje kupatwa na jambo. Hapo anapiga simu au redio ya upepo kwa mkuu wa kituo, mkuu wa kituo anampigia OCD, OCD anampigia kamanda wa mkoa, na kila mmoja kwenye hatua yake anaandika amemtaarifu nani na saa ngapi.

Tuseme ni saa tisa na dakika kumi usiku, fuso limegongana uso kwa uso na hiace barabara ya Arusha-Moshi, upande wa Kikatiti. Dereva wa bodaboda anafika kwenye kituo kidogo cha karibu anapiga kelele kaunta. CRO anaandika 0310, anamuuliza wapi hasa, magari mangapi, watu wamenasa au wametoka, kuna moto, kuna mafuta yamemwagika. Hapo ana majibu matatu tu kati ya hayo yote na hayo matatu yanatosha. Kosa kubwa wanalofanya askari wageni ni kutaka taarifa ikamilike kwanza ndo waipandishe, anataka namba za magari, anataka idadi ya majeruhi, anatuma mtu akaangalie kwanza, dakika arobaini zinapita na mkubwa hajui. Taarifa ya kwanza inatakiwa iwe fupi na mbichi, ajali, Kikatiti, magari mawili, kuna watu wamenasa, nafuatilia. Ya pili inakuja na idadi. Ya tatu na majina. Mkubwa akipata ile ya kwanza anaweza kuanza kusogeza watu, trafiki wa wilaya kutoka Usa River, zimamoto kwa 114, hospitali ya Tengeru ijulishwe iandae watu wake, na Mount Meru wajue kuna wanaoweza kupewa rufaa usiku huo huo. Majeruhi wa hali mbaya anakimbizwa hospitali kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inafuata, na askari anaweza kuipeleka huko huko wodini. PF3 ni bure, dhamana ya polisi ni bure, yameandikwa kwenye kuta za vituo na bado watu wanatoa hela.

Ikiwa kubwa zaidi jambo linatoka mikononi mwa polisi peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya hadi mkoa, na mkuu wa wilaya ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama ambayo OCD ni mjumbe. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada pale uwanja wa Majengo hapa Moshi, na aliyekuwa anaongea na waandishi ni pamoja na mkuu wa wilaya. Wengine waliona kama siasa imeingia, ila mlolongo wenyewe ndo uko hivyo, tukio la ukubwa ule linamhusu DC moja kwa moja na hospitali, halmashauri na wizara wanataka msemaji anayeweza kuamuru wote.

Kuna taarifa ambayo ni ngumu kuliko zote nayo ni ya kwenda kwa wafiwa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafa watu 35, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Ajali iko Karatu, wazazi wako Arusha, zaidi ya kilomita mia. Kila aliyekuwa Arusha siku ile anakumbuka mji ulivyokuwa. Kwenye hali kama hiyo simu za watu waliofika eneo la tukio zinakimbia kuliko redio ya polisi, picha zinasambaa kabla mzazi hajaambiwa, na hakuna askari wa kituo kidogo anayeweza kulizuia hilo. Anachoweza ni kutokutaja jina lolote mpaka mtu ametambuliwa na ndugu yake. Ndo maana anayetoa majina na idadi kwa vyombo vya habari ni kamanda wa mkoa au aliyeruhusiwa naye, ukimuuliza CRO akakwambia siwezi kusema subiri RPC, usimchukie, anakulinda usije ukaambiwa mwanao kafa kumbe ni mtoto wa jirani.

Na namna ya kumwambia mtu inajulikana, haipigwi simu tu ukakata. Anatafutwa mwenyekiti wa mtaa au balozi, kiongozi wa dini kama anajulikana, au ndugu mkubwa wa familia, askari anakwenda nao nyumbani, watu wanakaa chini, ndo linasemwa. Huku kwetu Uchagani ukimpigia mama mzee simu saa kumi alfajiri ukamwambia peke yake, umeongeza msiba juu ya msiba. Polisi kata wazuri wanalijua hili na wanalifanya bila kuambiwa na mtu.

Mgeni wa nje naye ana mlolongo wake, na kwa mikoa yetu hii ya watalii hata kituo kidogo njia ya kwenda geti la Machame au Marangu kinaweza kukutana nao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu mambo ya kikonseli, kifungu cha 36, unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka ujulishwe. Akifariki, ubalozi unajulishwa. CRO hapigi simu ubalozini yeye, anaandika uraia na namba ya pasipoti anapandisha juu, na Arusha kuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia ambacho kazi za namna hiyo ndo zake.

Mtu akifia mahabusu sheria inakuwa kali zaidi. Hapo polisi hawawezi kuwa wa mwanzo na wa mwisho, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inamleta korona, ambaye ni hakimu, achunguze kifo hicho. Ndugu wakiambiwa tu njooni mchukue mwili mkazike, waulize kwanza korona kajulishwa lini.

Sehemu ambayo taarifa zinapotea sana kuliko zote mimi naona ni kukabidhi zamu. Unakuta usiku mama kaja kuripoti mume anamtishia kwa panga, CRO kaandika, kamwambia rudi asubuhi uende Dawati la Jinsia na Watoto. Asubuhi saa kumi na mbili zamu inabadilika, yule wa usiku kachoka anataka akalale, anakabidhi mahabusu, funguo na silaha kwa sababu hivyo vinahesabika, lakini vitisho havihesabiki, vinabaki mstari mmoja kwenye ukurasa wa nyuma. Mama anarudi anaanza kueleza upya, na mbele ya watu wengi pale kaunta anaishia kunyamaza. Mkuu wa kituo anayejua kazi anawasimamisha wa zamu mbili pamoja, anauliza kitu gani hakijaisha, sio vitu vingapi vimo ndani. Dakika kumi tu. Kwa maoni yangu hizo dakika kumi zina maana kuliko hata gari jipya la doria.

Kingine, vituo vidogo vingi vinafungwa jioni, sio vyote vinafanya kazi saa 24. Jua mapema cha mtaani kwako kiko kundi gani na kikifungwa cha karibu kinachokesha ni kipi. Usiku piga 112, ila jua kwamba anayepokea yuko chumba cha mawasiliano, hayuko kaunta ya kwenu. Ukimwambia niko kwa Mrombo pale kwenye kona ya kwa mangi huenda asikuelewe, anza na mkoa, wilaya, kata, ndo uje kwenye alama inayojulikana, shule, kanisa, msikiti, sheli. Moto ni 114, mtoto aliye hatarini ni 116, mjamzito au mtoto mchanga anayehitaji usafiri wa dharura ni 115.

Na yule afande unayemjua mpigie pia, hakuna ubaya, mara nyingi anasaidia kweli. Ila mwambie hivi, afande naomba uniripotie kituoni iandikwe, halafu unitumie RB. Akituma, iandike mahali pengine mbali na simu, pamoja na saa uliyopiga na jina la aliye kaunta. Siku tatu zikipita kimya nenda na hiyo namba kwa mkuu wa kituo, muombe afungue ukurasa wenyewe mbele yako, aone kilichoandikwa chini ya sehemu ya hatua iliyochukuliwa. Kama hapo pako wazi, wa kwenda kumuona ni OCD.